Kijapani cha Bi Sune

Kaka yangu Harub alikuwa akishangaa kama bibi kizee. Simtukani, ni ndugu yangu wa tumbo moja, na mie Nasriya ndo nimfuliaye kanzu mpaka leo. Nasema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mtu mrefu, ndevu mpaka hapa kifuani, sauti nzito ya kuita watu ng'ambo ya pili. Lakini umwoneshe kitu cha ajabu: anashika shavu kwa kiganja, anainamisha kichwa upande, anasema "Maa!" Na akimaliza kusema analifunga neno lake kwa "koto". Waarabu wa huku Matrah, Omani, wakidhani hicho ndo Kiswahili cha Unguja. Waunguja wenzetu wakidhani ana wazimu. Si hiki wala si kile. Kilikuwa Kijapani, na alikipata mtaani kwetu Malindi, Unguja, kwa Bi Sune.

Mama yetu aliugua aliponizaa mie, akalala kitandani muda mrefu. Harub alikuwa mtoto wa kwenda chuoni kusoma Kurani, mtundu, hakamatiki, na baba hana wa kumwachia. Ng'ambo ya kichochoro chetu wakikaa bibi wawili wa Kijapani, wanapiga pasi nguo za watu. Mmoja akiitwa Okiku. Wa pili jina lake lilikuwa gumu, mtaa mzima ukamwita Bi Sune. Walikuja Unguja wasichana, miaka ya zamani hiyo, na walikuja kufanya nini wakubwa hawakutwambia. Tulipokua tukajua, na tukanyamaza.

Bi Sune hakuwa na mtoto. Akamchukua Harub, kwanza mchana tu, halafu mchana na jioni, mwisho mama alipopona tayari mtoto ana mama wawili. Akimpakulia wali kwenye kibakuli kidogo cha udongo, na Harub akila kwa vijiti, yarabi, Mwarabu wa Malindi anakula kwa vijiti! Na kila alichomletea, hata kaa mdogo wa pwani, Bi Sune akishika shavu: "Maa! Ookii koto!" Maana yake, lo, mkubwa huyu! Kaa mwenyewe kama kifungo cha koti.

Harub akimuuliza maneno, na Bi Sune akimjibu kwa Kiswahili chake cha kuokota. Siku moja alimwambia jambo ambalo Harub hakulisahau. Alimwambia, "Nyie Waswahili mnapiga kelele mlangoni. Lo! Kumbe! Masikini! Halafu ndo mnasema neno. Sisi tunasema neno lote, kelele tunapiga tukitoka." Ni kweli. Sisi ukisikia "kumbe" umeshajua kuna jambo, unajiweka tayari. Wao mshangao wao unakaa mkiani. Unasikiliza, unasikiliza, hujui kama unapewa furaha au msiba, mpaka neno la mwisho litoke. Mie nkasema lugha gani hiyo ya kumtesa mtu. Harub akanambia ni lugha ya watu wenye adabu. Haya.

Halafu Okiku akafa. Harub alikuwa kijana tayari, ndo anaota ndevu. Alimkuta Bi Sune kakaa sakafuni, pasi imepoa, anasema peke yake: "Okiku ga shinu towa." Shinu ni kufa, hilo Harub alilijua. Ile "towa" hakuijua. Akangoja bibi aendelee. Mwisho akamuuliza, "Okiku kufa... halafu?"

Bi Sune akamtazama. "Hakuna halafu," akamwambia. "Towa ndo hivo. Jambo likikushinda, unaweka towa, unanyamaza. Lililobaki halisemeki."

Basi hicho ndo Kijapani cha kaka yangu. Hakusoma skuli, hakukiona kitabuni. Alipewa na mtu mmoja, kibakuli kwa kibakuli.

Mwaka wa hamsini na tisa watu wa kwao walikuja kumchukua Bi Sune wamrudishe Japani. Kazeeka, mgongo umepinda, mtoto wa dada yake kamkubali nyumbani, huko kisiwani kwao kunakoitwa Amakusa. Mie nilikwenda naye forodhani, nkamshika mkono. Harub kabeba kisanduku chake. Hakukuwa na la kuahidiana barua: bibi hajui kuandika, Harub anajua herufi za Kiarabu tu, nani angemsomea nani? Alipofika ngazini akamgeukia Harub, akamtia kidole kifuani. Akamwambia kwa Kiswahili, ili na mie nisikie, "Usitangulie. Mie mkubwa, mie kwanza. Ukitangulia weye, ntakupiga."

Tukacheka. Harub akamwambia, "Sitangulii, mama." Hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Januari ya sitini na nne sitaisimulia. Waliokuwepo wanaijua. Baba na mama walikuwa washakufa kwa maradhi ya Mungu, na hilo nilishukuru. Tulitoka mie na Harub na nguo za mwilini, tukaja hapa Maskati, nchi ya babu zetu, eti. Nchi ya babu zetu haikutujua. Tukifungua mdomo tunachekwa, Kiarabu chetu cha jikoni, wakatwita Wazinjibari. Tukapata nyumba ya makuti ya mtende huko Darsait, jirani ya Matrah, upepo unaingia huku unatokea kule, na mie siku hizo sikuwa na mume wala sitaki kuulizwa kwa nini.

Harub alikaa barazani sokoni Matrah akitengeneza kandili. Mwaka huu wa sabini mambo yamebadilika, lakini wakati ule milango ya mji ikifungwa usiku, na ukitembea baada ya hapo bila ya kandili mkononi unatiwa ndani. Kwa hivo kila mtu ana kandili, na kila kandili ina siku inavuja. Akitia utambi, akiziba kwa risasi, akifuta vioo. Riziki ilikuwa ya kuungaunga. Kuna siku tulikula tende na maji tukamshukuru Mungu, na kuna siku tulishukuru kwa maji peke yake.

Na katika njaa ile, kaka yangu analo jambo moja tu linalomla roho. Siku moja namsagia dawa ya kikohozi, akanambia, "Habari ya Unguja imefika dunia nzima. Imefika Japani. Bi Sune kasikia."

"Kasikia, enhe?"

"Atadhani nimekufa."

Nilimkasirikia, wallahi. "Harub! Watu hapa wanatafuta waume zao, wanatafuta watoto wao, hawajui yupi hai yupi kafa. Weye unahangaika na bibi wa Japani!"

Akafuta kioo cha kandili kwa ncha ya kanzu, pole pole. "Alinambia nisitangulie," akasema. "Mtu aliyekunyima ruhusa ya kufa, Nasriya, lazima umwambie kama hujafa."

Lakini amwambie kwa nani? Kwa njia gani? Hapa hata redio watu wakisikiliza kwa kujificha. Akakaa na neno lake kifuani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Halafu mafuta yakatoka. Mwaka wa sitini na saba meli zikaanza kuja kupakia Saih al-Malih, nyuma ya mlima wetu tu, meli ambazo ukisimama Darsait juu unaona moshi wake. Alikuwepo mtu akiitwa Aflah, ana lanchi, akazipelekea mbuzi, ndimu, vitunguu. Mtu wa kelele, roho safi. Alipita kuchukua kandili yake, akawa anamhadithia Harub: mara meli ya Waingereza, mara ya Wajapani.

Kandili ikamponyoka Harub. "Ya nani?"

Siku ya pili alifunga baraza. Akaenda kuwa mbeba vitunguu wa Aflah, mtu mzima yule, kwa ajili ya kupanda meli ya Mjapani.

Niliyapata kwa Aflah mwenyewe, maana Harub hakusema. Alikuja mlangoni anacheka mpaka anashika ukuta. "Bibie, kaka yako leo katuua!" Anasema walipanda ngazi ya kamba, Harub na gunia begani. Alipofika juu akaiona ile sitaha, mwisho wake hauonekani. Akatua gunia. Akashika shavu. "Maa! Ookii koto!"

Mabaharia wakatazamana. Halafu wakaanguka kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa. Wakawa wanamwita "Obaasan! Obaasan!" na wanamwigiza, shavu kiganjani, wanakatika. Obaasan ni bibi kizee.

Kumbe bwana, ile "maa" na ile "koto" ya mwisho ni ya wanawake! Mwanamme wa kule hasemi hivo, ana maneno yake mengine ya kushangaa. Na Harub angejuaje? Hajawahi kumsikia mwanamme wa Kijapani akishangaa hata siku moja. Hebu fikiri, umekaa barazani kwako, anakuja Mzungu, sharubu hizo, misuli hiyo, anakupungia mkono: "Uwii, shoga yangu, nambie!" Hata mie nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi.

Harub alirudi kakunja uso. Nikamwambia, "Basi ondoa hiyo koto, sema kama wanaume wenzako."

"Kwa nini niiondoe?" akasema. "Wao wamepewa na mama zao, na mie nimepewa na mama yangu." Akaenda tena meli iliyofuata, akachekwa tena, akarudi, akaenda tena. Kila meli akiuliza: yupo mtu wa Amakusa? Hakuna. Akawa maarufu. Nadhani hata huko njiani baharini wakihadithiana, ukifika Maskati kuna bibi kizee mwenye ndevu.

Mpaka akapanda meli moja ambayo mpishi wake ndo aliyepokea vitunguu. Harub akasema neno, sijui alisema nini, vitunguu vizuri hivi, kitu kama hicho, akamalizia kwa "bai". Hiyo nayo ni ya mkiani, kama sisi tunavosema "nakwambia". Wengine wakaanza kucheka kama kawaida. Mpishi hakucheka. Aliweka kisu. Akamuuliza, hiyo bai umeipata wapi? Maana ile si ya Wajapani wote. Ni ya upande wa kwao. Mpishi aliitwa Hamasaki, na kwao Amakusa.

Siku hiyo Harub alikuja anakimbia. Anakimbia, mtu mwenye mvi! "Kasema nasema kama nyanya yake! Kasema bibi aliyerudi kutoka Afrika hapotei kisiwani, ataulizia, atampata! Nasriya, kanishika mikono yote miwili!" Nikamwambia akae, anywe maji. Hakukaa.

Meli ilikuwa inangoja kujazwa, kwa hivo alipata nafasi ya kurudi na Aflah kabla haijaondoka. Alikwenda kununua halwa, nzuri, ya zafarani, kwenye chombo chake cha udongo, na mie nkafunga na ubani wa Dhofar kwenye kitambaa. Tulikula nini wiki ile usiniulize. Na ujumbe. Alikuwa anaufanyia mazoezi kama mtoto wa chuoni, huku anatembea ndani ya nyumba: "Harubu wa ikitoru bai." Harub yu hai, nakwambia. Basi. Mie nikamwambia ongeza na salamu, ongeza habari zetu. Akasema hapana, ukiongeza mengi atachoka kungoja mwisho. Aliusema mpaka na mie nkaujua. Nikiwa nasuka ukili najikuta nasema, ikitoru bai, ikitoru bai.

Meli ikaenda. Kaka yangu alibadilika mtu mwingine. Akatengeneza paa. Akacheka na watoto wa jirani. Jirani yetu Masouda akaniuliza kama kaka yangu ana posa mahali, nikamwambia ndio, Japani. Jioni akikaa nje ananambia, sasa Hamasaki kafika. Sasa kachukua boti ya kwenda kisiwani. Sasa kabisha hodi. Na akiigiza bibi atakavyofanya: anashika shavu, "Maa!" Halafu atatafuta mwiko wa kunipiga nao, anasema, kwa kumtia wasiwasi miaka yote hii. Nilimwona kaka yangu ana furaha, na toka tuondoke Unguja nilikuwa sijaiona.

Meli ilirudi baridi ya sitini na nane, asubuhi. Harub alivaa kanzu niliyompigia pasi. Nilipika wali, kwa kuwa atarudi na habari, na habari nzuri hailiwi na tende. Nilimwona anateremka mlima mchana, pole pole, kanzu imechafuka magotini. Akaingia, akakaa chini, mgongo ukutani.

Sikuuliza haraka. Nilimpa maji.

"Kijapani hakikwambii mpaka mwisho," akasema. "Unajua. Hamasaki kanikalisha jikoni kwake. Akaanza: Bi Sune. Nikasema enhe. Akasema, baridi ya mwaka juzi. Enhe. Akasema, nyumbani kwa mtoto wa dada yake, asubuhi, theluji inaanguka. Mie nangoja, Nasriya. Nilidhani labda mwisho wake ni 'alikuwa anakukumbuka'. Labda 'alikuwa hajambo'. Maneno yote yale yalikuwa mazuri. Baridi, nyumbani, asubuhi. Mpaka likaja la mwisho."

"Kafa," nikasema.

"Kafa. Kabla meli ya kwanza haijaja hapa."

Nilitaka kulia, nikajizuia, maana nilimwona hajamaliza. Alikuwa anatazama sufuria.

"Wana ada yao kule," akasema. "Mtu akifa wanaandika jina lake kwenye kibao kidogo, wanakiweka ndani. Kila asubuhi wanampakulia wali wa kwanza, kabla wenyewe hawajala. Hamasaki kakiona kibao cha Bi Sune, kaiweka halwa yangu mbele yake. Pembeni kulikuwa na kibao cha pili. Akauliza cha nani. Wakamwambia ni cha mtoto wake wa Afrika."

Mwenzangu, mtoto wake wa Afrika ndo huyu niliyekaa naye.

"Toka sitini na nne," Harub akasema. "Alisikia habari ya Unguja, akangoja, akaona kimya, akaniandikishia kibao. Kila asubuhi akinipakulia. Kibakuli kidogo." Akaonesha kwa mikono, kidogo hivi. "Siye hapa tunakula tende na maji, na mie kule napakuliwa wali. Maiti."

"Harub."

"Na kila akiweka kile kibakuli akisema neno moja. Watu wa nyumbani wote wanalijua, mpaka watoto wanalijua, miaka mitatu wanalisikia. Hamasaki kanambia kama alivyoambiwa."

Akaweka maji chini. Halafu akalisema, na wallahi haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti ya Bi Sune, ile ile ya Malindi, nyembamba, ya kichochoroni.

"Ano ko ga, saki ni shinu towa."

Mie Kijapani changu ni cha kudandia. Ano ko ni yule mtoto. Saki ni, Harub aliwahi kunambia, ndo lile neno la forodhani: kutangulia. Yule mtoto, kutangulia kufa... Nikangoja. Moyo wangu ulikuwa unataka kuwe na kitu mbele, chochote, asamehewe, aombewe, apumzike. Nikamuuliza, "Halafu?"

Kaka yangu akanitazama, uso wote umelowa, ndevu zimelowa.

"Hakuna halafu, Nasriya," akasema. "Towa ndo hivo."

Akalia. Alilia kama wanavolia wanawake, kwa sauti, kiganja shavuni, na sikumwambia nyamaza wewe mwanamme. Mie ningemnyamazisha kwa kitu gani? Kafa yule bibi anaamini mwanawe kamwasi. Na mwanawe alikuwa hai, yuko Matrah, anafuta vioo vya kandili.

Nikainuka. Nikachukua kibakuli kidogo kuliko vyote tulivyokuwa navyo, nikafunua sufuria, nikapakua wali wa juu, wa kwanza, kabla sijautia mwiko mwengine. Nikamwekea mikononi.

"Kula, kaka," nikamwambia. "Weye hujafa."

Hakuweza. Nikamega mie, nikamtia mdomoni kama mtoto, tonge la kwanza, na la pili, mpaka kibakuli kikaisha.